Eti binadamu wote tuna bibi mmoja. Mjomba kauliza: kwa hiyo na mikorosho yangu tugawane?

Ming'oko (mwenye uzi)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Niko zangu Mtwara mjini ila wiki iliyopita nilipanda Newala kwenye arobaini ya bibi mzaa mama, nimerudi na kitu kimening'ang'ania kichwani leo siku ya nne hakitoki, nimeona nije nikimwage hapa, mnisaidie au mnizodoe vyote sawa. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu.

Ilikuwa hivi. Hitima imesomwa, pilau limeliwa, wanaume tumebaki kwenye mikeka chini ya mwembe tunaongea habari za korosho maana msimu ndo huo unakuja. Pale kuna kijana jirani wa familia, babu zake walivuka Ruvuma enzi za vita vya kumng'oa Mreno kule Msumbiji, yeye kazaliwa hapa, kasoma hapa, kaoa hapa. Ana ubishi na mjomba wangu wa mpaka wa shamba, mikorosho kama kumi na miwili iko katikati na kila mmoja anasema ya kwake. Mjomba mtu mzuri sana ila ukimgusa mkorosho umemgusa jicho. Kijana akatamka neno dogo tu kuhusu palizi, mjomba akamrukia, "wewe huna asili hapa, asili yako ng'ambo ya mto kule."

Mnakijua kile kimya. Kuku anaparua unamsikia.

Sasa dada yetu mmoja, mtoto wa mama mdogo, anafundisha baiolojia sekondari, alikuwa anapita na sinia la vikombe, akasema kwa sauti ya chini tu: "Mjomba, ukihesabu nyuma vizuri sisi wote hapa, na wa ng'ambo ya mto, na Wachina wale wa barabara, tuna bibi mmoja."

Mjomba kamwangalia. "Bibi yupi? Mama yangu mimi kazaa watoto saba, wanaume wanne wanawake watatu, wote nawajua kwa majina na hakuna Mchina hata mmoja." Watu wakavunjika mbavu msibani. Mjomba alipoona amepata watazamaji ndo akamalizia: "Haya tuseme ni kweli. Kwa hiyo na mikorosho yangu tugawane?"

Dada kacheka kaondoka na vikombe vyake. Mimi ndo nikabaki na swali.

Nimerudi mjini nimekesha na simu, bando limekata mara mbili, na kumbe dada hakuwa anatania. Ngoja niwaeleze nilivyoelewa, mjuzi anisahihishe.

Ndani ya seli za mwili kuna vitu vidogo vinaitwa mitokondria, ndo vinavyoipa seli nguvu. Vina DNA yao wenyewe, yaani maandishi ya urithi, kiduchu, herufi elfu 16 na mia tano na kitu, iko mbali na ile DNA kubwa ya kwenye kiini. Hiyo unapewa na mama tu. Baba hata awe nani hakuachii. Mama anawapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, ila kwa mwanaume inafika mwisho wa reli, hawezi kumpitishia mwanae.

Hapo nikasimama kusoma nikacheka mwenyewe chumbani. Huo si ndo ukoo wetu wa kusini huu huu? Mmakonde anasema litawa, Mmakua anasema nihimo, Myao lukosyo, na kote huko kwa mila ya zamani mtoto ni wa kwa mama yake, baba ni mgeni mwenye heshima, mwenye sauti ni mjomba. Yaani wazee wetu walikuwa wanafuata mitokondria bila darubini.

Basi mwaka 1987 watafiti watatu wa Berkeley kule California, Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson, wakatoa matokeo yao. Walikusanya sampuli 147, karibu zote makondo ya nyuma, ndio, yale ambayo sisi tunayazika, ya kina mama ambao asili zao ni pande mbalimbali za dunia. Wakalinganisha DNA ya mitokondria. Kwa sababu kila inaponakiliwa mara moja moja herufi inakosewa, na kosa likishaingia linarithiwa, kwa hiyo wenye makosa yanayofanana ni wa bibi mmoja wa karibu, wenye makosa tofauti bibi yao yuko mbali. Ukipanga makosa hayo unapata mti wa ukoo. Matawi yote yakateremka mpaka kwa mwanamke mmoja, wakakadiria aliishi Afrika miaka kama laki mbili iliyopita. Magazeti yakampa jina la Hawa na jina hilo ndo limeleta kelele zote mpaka leo.

Maana mtu akisikia Hawa anajua alikuwa peke yake duniani. HAKUWA peke yake. Hapa ndo pagumu na hapa ndo nilipotumia nusu ya bando langu, mpaka nikaamua kutumia marehemu bibi yangu kama mfano, Mungu amrehemu.

Bibi kazaa saba. Wanaume wanne akiwemo mjomba, hao kwa mstari wa mama hawapitishi kitu. Wanawake watatu. Mama mkubwa hakujaliwa mtoto. Mama yangu mimi katuzaa wanaume watupu. Mama mdogo kazaa binti mmoja, huyo huyo mwalimu wa vikombe. Bibi ana wajukuu zaidi ya ishirini, ukoo umejaa, ila ule uzi wa mama kwa binti, mama kwa binti, umebaki kwa mtu mmoja tu. Na mwalimu mwenyewe mpaka sasa ana mtoto wa kiume mmoja. (Mjomba hajaliona hilo bado, naombeni msimpigie.)

Sasa fikiria hivyo kwa miaka laki mbili. Enzi za huyo bibi mkuu walikuwepo wanawake wengine maelfu, wanachota maji mto mmoja, wanazaa, na damu zao tunazo mpaka leo kupitia watoto wao wa kiume, ila nyuzi zao za mama kwa binti zilikatika moja moja, huyu hakuzaa, yule alizaa wanaume tu, yule binti zake walikufa na njaa. Uliobaki haujakatika ni mmoja. Hakuwa malkia wala hakuwa wa kwanza. Uzi wake tu ndo haukukatika.

Nimemaliza yangu. Swali langu kwenu ni lile lile la mjomba: ikishakuwa kweli, halafu?

Mzee wa Kangomba

Nimesoma yote nikidhani mwisho kuna fomu ya kujaza. Mkuu hii chai haina sukari. Mimi na Mzungu bibi mmoja? Mbona yeye akikaa ufukweni Msanga Mkuu siku mbili anaiva kama kamba?

Ming'oko

Hahaha we mzee. Rangi ni kitu cha juu sana, ndo kinachoonekana haraka ndo maana kinatudanganya. Jua kali linataka ngozi iwe na rangi nyingi ijikinge, kwenye jua hafifu ngozi nyeupe inasaidia mwili kutengeneza vitamini D. Watu wa Ulaya wa kale hawakuwa weupe hivi, ngozi hiyo imeenea kule katika miaka elfu chache hizi za mwisho. Ukichukua DNA yote kwa ujumla watu wawili wowote duniani wanafanana kama asilimia 99.9. Na kuna bwana anaitwa Richard Lewontin mwaka 1972 alipiga hesabu akakuta tofauti nyingi za binadamu, kama asilimia 85, ziko ndani ya kundi moja, sio kati ya kundi na kundi. Yaani wewe na jirani yako wa Tandahimba mnaweza kupishana kuliko unavyodhani, mnachofanana ni kangomba tu, ile biashara ya korosho ya vichochoroni.

Binti wa Newala

Kaka nimekuona. Kumbe ndo unanianika mtandaoni na uzazi wangu.

Umeeleza vizuri ila nikusahihishe sehemu mbili, kazi yangu hiyo. Kwanza, huyo bibi sio cheo cha kudumu. Kama kesho tawi moja kubwa la wanawake duniani likakatika lote, waliobaki watakuwa na bibi wa pamoja wa karibu zaidi, na cheo kinahamia kwake. Anahesabiwa kutokea kwetu sisi tulio hai kurudi nyuma, kwa hiyo yeye mwenyewe akiwa hai asingeweza kujua, hakuna aliyemwona akasema yule pale bibi wa dunia.

Pili, wale wa 1987 walilaumiwa sana na haki yao kulaumiwa, maana waliohesabiwa kama Waafrika karibu wote walikuwa Wamarekani weusi sio watu wa huku. Lakini kazi imerudiwa mara nyingi na watu wengine, kwa sampuli za Afrika yenyewe na DNA nzima ya mitokondria, na mti bado unasimama vile vile, mizizi Afrika. Matawi ya zamani kabisa yapo huku, na sisi Waafrika ndo wenye tofauti nyingi za kijeni kuliko mabara mengine yote. Wanaoishi nje ya Afrika ni kama wametoka kwenye kitawi kimoja kilichoondoka miaka elfu 50 hadi 70 hivi iliyopita.

Na kaka, mjomba keshajua, mama kamwambia. Kanipigia jana ananiuliza nazaa lini tena.

Mzee wa Kangomba

Mwalimu shikamoo. Hapo kwa bibi nimeelewa kidogo. Babu je? Huyo bibi hakuwa na mume?

Binti wa Newala

Marahaba mzee wangu, ingawa nadhani mimi ndo nilitakiwa nikuamkie.

Babu yupo. Kuna kromosomu, yaani kifurushi cha DNA, inaitwa Y, baba anampa mtoto wa kiume tu, nayo inafuatwa vile vile mpaka kwa mwanaume mmoja. Ila hakuwa mume wa yule bibi, inawezekana walipishana makumi ya maelfu ya miaka na wala hawakukaa sehemu moja. Kilichotokea mwaka 2013 kinanifurahisha sana: mtu mmoja mweusi wa familia ya South Carolina kule Marekani, Y yake ilipopimwa haikuingia kwenye tawi lolote lililokuwa linajulikana, ikaonekana ni tawi la zamani kuliko yote. Kutafuta inafanana na nani, wakawakuta Wambo wa Kameruni. Babu mkuu ikabidi asogezwe nyuma, zaidi ya miaka laki mbili. Yaani mtu mmoja kapimwa tu, umri wa babu wa dunia nzima ukabadilika.

Rondo Juu

Sisi wenye dini tulishaambiwa zamani. Surat Al-Hujurat aya ya 13 inasema tumeumbwa kwa mwanaume mmoja na mwanamke mmoja tukafanywa mataifa na makabila ili tujuane. Na ndugu zetu Wakristo wana Matendo ya Mitume 17:26, kila taifa kutoka kwa mmoja. Sasa mnatumia makondo yote hayo kutafuta kitu kiko msikitini na kanisani bure?

Ming'oko

Sheikh sibishani na aya. Nasema tu hawa wa maabara hawakuanza kwa kutaka kuthibitisha dini, wamefuata herufi mpaka zilipowafikisha, na bibi yao si yule wa peponi maana alikuwa na majirani. Ila ukitaka ya kwetu kabisa kuna ile ya Mahuta, unaijua?

Rondo Juu

Ya mti? Nilisikia kwa babu lakini nusu nusu.

Ming'oko

Ndo hiyo hiyo. Mjerumani mmoja Karl Weule alifika Lindi mwaka 1906 akazunguka Masasi, Newala mpaka Mahuta anaandika kila anachosimuliwa, na hii aliiandika. Mahuta ambayo sasa iko Tandahimba ilikuwa pori tupu. Akatoka mtu porini, haogi, hanyoi, anakula kidogo tu. Akachonga sanamu ya mti, akaipeleka kwake akaisimamisha. Usiku ikawa mwanamke. Wakateremka Ruvuma kuoga, mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama mpaka bonde la Mbwemkuru, tena mtoto mfu. Wakarudi juu Mahuta, wa tatu akaishi, na hao ndo Wamakonde.

Mimi ninachokipenda pale ni kwamba hakuna uongo kuhusu mabonde, kule chini kuna maji ila kuna malaria na zamani kulikuwa na wavamizi, juu hakuna maji ila mtoto anaishi. Na pia mwanaume katoka porini hana jina hana kwao, anayeanzisha watu ni yule mwanamke wa mti. Mchonga vinyago yeyote wa Mtwara ukimwambia habari hii hashangai hata.

Nachingwea Moja

Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo. Na yule mjusi wa Tendaguru aliyepelekwa Ujerumani yeye ni babu upande gani?

Mzee wa Kangomba

Upande wa shemeji.

Binti wa Newala

😂😂 Hapana jamani. Yule wa Tendaguru aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Wajerumani walichimba pale mwaka 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa kichwani na wabebaji wetu mpaka bandari ya Lindi, siku kadhaa za mguu, tani zaidi ya 200 kwa jumla, na leo yule mkubwa kasimama Berlin. Hahusiani na ukoo wetu. Mkitaka wa karibu nendeni Laetoli, nyayo za miguu miwili zilizoachwa kwenye majivu ya volkano, timu ya Mary Leakey ilizikuta 1978, zina miaka kama milioni 3 na laki 6. Hao hawakuwa watu kama sisi ila walitembea kama sisi. Watu wanaofanana na sisi zaidi wanaanza kuonekana kwenye mafuvu ya miaka laki tatu hivi, Jebel Irhoud kule Moroko, halafu Omo kule Ethiopia. Na hata hapo wengi siku hizi hawasemi kijiji kimoja ndo chimbuko, wanaona watu walikuwa wametawanyika Afrika nzima wanaachana na kukutana tena.

Nahodha wa Kilwa

Mimi nimekaa kimya nasoma ila hapa niingie. Sisi wa Kilwa tumeambiwa tangu utoto ni Washirazi, babu kaja na jahazi, kanunua kisiwa kwa nguo ya kuzungushia kisiwa kizima. Wasomi wakaja wakasema uongo mtupu mmejitungia mpate heshima. Sasa wa DNA wanasemaje, maana nasikia walichimba mpaka kwetu.

Ming'oko

Walichimba ndiyo. Matokeo yalitoka 2023 kwenye jarida la Nature, mmoja wa wakubwa wa kazi ile ni Chapurukha Kusimba ambae ni Mkenya. Walipima watu 80 wa zamani, waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Nahodha, babu yako ni kweli alikuja. Mchanganyiko na Uajemi upo, ulianza karibu mwaka 1000, na Y nyingi za wale wazee zinaelekea huko.

Ila mitokondria karibu zote ni za hapa hapa. Yaani wanaume walishuka na jahazi, wanawake walikuwa wameshakaa mlangoni. Kwa hesabu ya Mwarabu na Mwajemi wewe ni Mshirazi, kwa hesabu ya mjomba wangu wewe ni mtu wa bara ambae baba yake alikuwa mfanyabiashara. Zote sahihi, inategemea umeanza kuhesabu mguu gani.

Nahodha wa Kilwa

Nimekubali na nimekasirika kwa wakati mmoja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anasema hivyo hivyo, anasema wanaume wa mji huu wana shajara ndefu za ukoo lakini nyumba ni za wanawake.

Mjukuu wa Umatumbi

Mnacheka lakini jambo hili limeua watu. Karne ya 19 kule Marekani kulikuwa na maprofesa wazima wanafundisha kwamba Mungu aliumba kila rangi mbali, mweusi hana babu mmoja na mweupe, na hoja hiyo ilikuwa inamfaa sana mwenye watumwa. Samuel Morton wa Philadelphia alikusanya mafuvu mamia anapima ujazo. Wajerumani nao walipotutawala wakafanya hivyo hivyo, sisi huku Matumbi vita vya Maji Maji vimeanzia kwetu 1905, watu wananyongwa, na katika miaka hiyo hiyo ya utawala wao mafuvu ya watu wa koloni lao yanapakiwa kwenye masanduku kwenda Berlin kuonyesha tofauti za mbari.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Mafuvu hayo yalikaa kwenye makabati zaidi ya miaka mia. Taasisi ya makumbusho ya Berlin ikayachunguza, zaidi ya elfu moja kutoka Afrika Mashariki, na Septemba 2023 wakatangaza baadhi yamelingana kwa DNA na watu walio hai Kilimanjaro. Walibeba vichwa kutafuta utofauti, vikawajibu kwa kutaja ndugu zao.

Rondo Juu

Dah. Hii sikuijua. Innalillahi.

Msafiri wa Masasi

Mimi la kwangu ni hesabu tu, mtoa mada hujaligusa. Wazazi wawili, babu na bibi 4, nyuma yao 8, ukienda vizazi 30 unapata mababu 1,073,741,824. Bilioni na ushee. Kizazi miaka 25, hiyo ni kama miaka 750 tu, muda mfupi kabla Ibn Battuta hajafika Kilwa mwaka 1331, na dunia nzima wakati ule haikuwa na watu hata nusu bilioni. Sasa hao mababu zangu wengine walikaa wapi, juu ya miti?

Binti wa Newala

Swali zuri kuliko yote humu. Jibu ni kwamba ni wale wale wanajirudia. Babu mmoja anaingia kwenye ukoo wako kwa njia mia, kwa sababu watu wameoana na ndugu wa mbali bila kujua. Na ukilifuata hilo, mwaka 2004 Rohde, Olson na Chang walitoa hesabu kwenye Nature kwamba ukihesabu njia zote, sio ya mama tu, mtu ambae ni babu wa kila mmoja aliye hai leo anaweza kuwa aliishi miaka elfu chache tu iliyopita. Sio laki. Elfu. Ni hesabu ya kompyuta sio kaburi limeonekana, na DNA yake unaweza usiwe nayo hata herufi moja maana kila kizazi inagawanywa nusu, ila babu ni babu.

Msafiri wa Masasi

Kwa hiyo mke wangu ni dada yangu.

Mzee wa Kangomba

Wewe wa Masasi tulishajua siku nyingi.

Ming'oko

Watani msiharibu uzi.

Ngoja niseme kilichonikaa mimi mwenyewe. Naona neno asili linategemea umeacha kuhesabu wapi. Mjomba anaacha kuhesabu kwa babu yake ndo maana kijana anakuwa mgeni. Akiongeza vizazi viwili atakuta Wamakonde walikuwa pande zote za Ruvuma, mto hauna ukuta, na mpaka wenyewe ni wa Mjerumani na Mreno. Akiongeza miaka elfu mbili tatu atakuta Wabantu wote tumetoka huko mpakani mwa Nijeria na Kameruni tukawakuta wawindaji hapa, sisi ndo wakuja. Na kinachochekesha zaidi ni kinachogombewa. Mkorosho umetoka Brazili, kaleta Mreno yule yule! Muhogo pia wa huko huko. Kitu pekee pale chini ya mwembe chenye asili ya hapa labda ni ming'oko, vile viazi vya porini, na hiyo hakuna anayeigombania.

Nachingwea Moja

Mwembe nao umetoka India mkuu.

Ming'oko

Basi tumebaki na ming'oko kweli.

Nahodha wa Kilwa

Lete mrejesho wa mjomba.

Ming'oko

Mrejesho huu hapa wakuu, samahani nimepotea siku tatu umeme ulikuwa shida.

Nimempigia mjomba jana jioni, nimemweleza taratibu, bibi, uzi wa mama, makondo, kila kitu. Kanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza: "Kwa hiyo wazungu nao wanahesabu kwa mama?" Nikamwambia kwa hili la mitokondria ndiyo. Akasema "afadhali wamejua." Kimya. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Huyu kijana, mama yake litawa gani?"

Sikujua. Akakata simu.

Leo asubuhi kapiga yeye, na mjomba hapigagi, yeye anabipu. Alikwenda mwenyewe kwa jirani kuuliza. Mama wa kijana ni wa litawa letu, bibi zao na bibi zetu wanaitana ndugu, wao walikaa ng'ambo sisi tukakaa huku. Mjomba sauti imejaa furaha nikajua basi yameisha, nikamwambia mjomba hongera, umepata mpwa.

Akasema: "Ndiyo, nimepata mpwa. Na mpwa hagombani na mjomba wake. Mwambie aje anisalimie vizuri, halafu aniachie mikorosho yangu."